Njia ya Kahuzi-Biega: Basi, Ziwa na Reli Iliyokatikia Kamanyola

Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo, iko karibu na Bukavu kuliko hifadhi nyingi za Afrika zilivyo karibu na mji mkubwa. Kutoka mjini hadi Tshivanga, kituo kikuu cha hifadhi upande wa milimani, ni kama kilomita 30. Pamoja na ukaribu huo, hakuna reli inayokwenda huko wala basi lenye saa maalumu ya kuondoka. Asiye na gari lake hupanda gari dogo la abiria hadi Miti, hushuka njiapanda, kisha humaliza safari kwa pikipiki. Mgeni mwenye dola hukodi jipu. Mwanafunzi wa Bukavu anayetaka kuuona msitu wa mkoa wake mwenyewe mara nyingi hubaki nyumbani.

Hifadhi yenyewe inabeba majina ya milima miwili, Kahuzi yenye mita 3,308 na Biega yenye mita 2,790. Mwaka 1937 utawala wa Ubelgiji uliitenga sehemu ya msitu huo kuwa akiba ya wanyama na miti. Mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, serikali ya Kinshasa iliifanya hifadhi ya taifa, ikiwa na kilomita za mraba 600 hivi za milimani. Mwaka 1975 mipaka ilisogezwa magharibi hadi kwenye msitu wa bondeni, na eneo likafika takribani kilomita za mraba 6,000. Sehemu hizo mbili zimeunganishwa na ukanda mwembamba upande wa Nindja. UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1980, na mwaka 1997, vita vikiwa vimeshaingia, ikaihamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kinachowavuta wageni ni gorila wa nyanda za mashariki, nyani mkubwa kuliko wote duniani, anayepatikana Kongo peke yake. Familia za gorila zilizozoeshwa kuonana na watu, kama ile ya dume mashuhuri Chimanuka, hukaa upande wa milimani, yaani upande uleule ulio karibu na Bukavu.

Barabara mbili ndizo zinazobeba mzigo wote. Ya kwanza ni barabara ya taifa namba 2, RN2, inayotoka Bukavu kuelekea kaskazini kandokando ya Ziwa Kivu: Mudaka, Miti, Kavumu, Katana, Kalehe, Minova, hadi Goma. Lami hufika uwanja wa ndege wa Kavumu. Kuelekea Kalehe na Minova sehemu kubwa ni udongo. Ya pili ni RN3. Hiyo huchepuka Miti, hupanda mlima hadi Tshivanga, hupenya ndani ya hifadhi kwa kipande kisichofika kilomita 20, kisha huteremka Bunyakiri na kuendelea Hombo, Walikale, Lubutu na Kisangani. Kwenye ramani ndiyo barabara inayoiunganisha Kivu ya Kusini na Mto Kongo. Ukiifikia kwa miguu ni jambo jingine: udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha, makorongo ya tairi za lori, na madaraja ya magogo yanayongoja gari zito moja tu ili yaanguke.

Njiapanda ya Miti inaeleza mengi kuliko ramani. Asubuhi magari madogo kutoka mjini hushusha abiria hapo, na motari, yaani waendesha pikipiki, huwazunguka kabla mlango haujafunguka vizuri. Wanawake hushusha mabunda ya sombe, mihogo na bidoni za kasiksi. Wengine wanaelekea mjini na mizigo hiyohiyo. Abiria wa Bunyakiri hungoja lori litakalopita msituni, akae juu ya magunia. Wa Tshivanga hupatana bei na motari, na bei hupanda kadiri mawingu yanavyojikusanya juu ya Kahuzi. Hakuna kibanda cha kujikinga na mvua, hakuna ubao wa bei, na hakuna anayejua gari la mwisho la kurudi mjini litapita saa ngapi. Hilo la mwisho ndilo linalowazuia watu zaidi. Mtu anaweza kuvumilia barabara mbovu, ila hawezi kukubali kulala njiani kwa sababu gari limeshajaa.

Kwa nini magari hayafuati saa? Si kwa uvivu wa mashofa. Gari ni la mtu mwingine, na mwenye gari anataka hesabu yake jioni, iwe biashara imekwenda au haikwenda. Shofa akiondoka na viti vitupu anajikata mwenyewe. Kwa hiyo hungoja mpaka gari lijae, na kujaa kwenyewe ni watu wanne kwenye kiti cha watu watatu, na mizigo juu ya paa. Mpango huo unafanya kazi kati ya Bukavu na Kavumu, ambako watu hawakatiki mchana kutwa. Hauwezi kufanya kazi Miti hadi Tshivanga, ambako abiria ni wachache na wamesambaa. Pale penye abiria wachache, saa maalumu hulindwa tu ikiwa kuna anayelipia viti vitupu; ndivyo ilivyo dunia nzima, hata katika nchi tajiri. Swali la basi la Kahuzi-Biega kwa hiyo si swali la gari. Ni swali la nani atakayelipia viti hivyo.

Na wanaohitaji basi hilo si watalii peke yao. Kandokando ya RN2 na njia za pembeni kuna hospitali ya FOMULAC ya Katana, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Louvain zama za ukoloni na ambayo bado inapokea wagonjwa wa Kabare na Kalehe. Kuna Lwiro, ambako Wabelgiji waliijenga taasisi ya utafiti ya IRSAC mwishoni mwa miaka ya 1940. Leo ni kituo cha utafiti cha CRSN, chenye maktaba na majengo ya mawe ambayo mtu hategemei kuyakuta mashambani. Hapohapo Lwiro, tangu mwaka 2002, kuna kituo cha kulelea sokwe na nyani wadogo walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Kuna mashamba ya chai na ya mkwinini, mti ambao magome yake hutengenezwa dawa ya malaria Bukavu. Kuna masoko. Basi moja linalopita Mudaka, Miti, Lwiro na Katana kila baada ya saa mbili lingehudumia wagonjwa, walimu, watafiti na wauzaji wa mboga. Watalii wangekuwa nyongeza tu. Mpango wowote unaoanza na mtalii, halafu ukamkumbuka mwenyeji baadaye, utakufa siku watalii watakapoacha kuja. Na Kivu imeshashuhudia mara nyingi watalii wakiacha kuja.

Hapa ndipo panapohitaji tahadhari, kwa sababu barabara nzuri karibu na msitu ina makali pande zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mpango wa kuiboresha barabara ya Bukavu–Kisangani ndani ya hifadhi uliitia wasiwasi Kamati ya Urithi wa Dunia, na mjadala wa ama kuipitisha msituni ama kuizungusha nje ulidumu miaka. Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Vita vya 1996 na 1998 vilipofika, njia zilezile zilizompeleka mtalii juu zilishusha pembe za ndovu na nyama ya porini. Tembo wa upande wa milimani, waliokuwa mamia, waliuawa karibu wote. Gorila wa upande huohuo, ambao kabla ya vita walikaribia 250, walipungua hadi kama 130 mwaka 2000. Hesabu ya 2015 ilikuta wamefika 213. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda ghafla duniani, wachimbaji kwa maelfu walimiminika kwenye sehemu ya bondeni, wakila walichokiwinda. Leo shughuli inayoonekana zaidi kwenye RN3 ni makaa. Bukavu ni mji unaopika kwa makaa, na magunia mengi huteremka kutoka upande wa hifadhi, mengine kichwani, mengine kwenye pikipiki, mengine ndani ya magari ambayo hakuna anayethubutu kuyasimamisha.

Usafiri ukirahisishwa bila ukaguzi, kitakachorahisishwa kwanza ni biashara ya makaa. Ila kuuacha msitu bila barabara hakujauokoa. Msitu wa bondeni, ambao haufikiki kwa gari kwa sehemu kubwa, ndio ulioumia zaidi kwa migodi na makundi yenye silaha, kwa kuwa walinzi wa ICCN, taasisi ya Kongo inayosimamia hifadhi, nao hawakuweza kufika. Anayeijua hali ya huko atakubali kwamba ubaya wa barabara humchelewesha mlinzi kuliko unavyomchelewesha mwindaji. Mwindaji ana siku nyingi, naye hutembea kwa miguu.

Lipo pia deni la zamani. Hifadhi ilipoundwa na kupanuliwa, Wabatwa waliokuwa wakiishi msituni, wakikadiriwa kuwa kama 6,000, waliondolewa bila ardhi mbadala wala fidia. Wengi walibaki kwenye vijiji vya pembezoni, Kabare na Kalehe, wakiishi kwa vibarua. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni, na mapambano na walinzi yakaua watu wa pande zote. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, iliona kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao. Mpango wa usafiri unaopita mbele ya vijiji hivyo bila kusimama ungekuwa ni kuwapita kwa mara nyingine. Ajira za vituo, vibanda vya mauzo, kazi ya kuongoza wageni na usafiri wa bure wa kwenda zahanati ni mambo madogo yanayoweza kuandikwa kwenye mkataba wa kampuni ya basi tangu siku ya kwanza.

Mfano ulio karibu zaidi hauhitaji safari ya mbali. Mtu wa Bukavu akivuka daraja la Ruzizi na kupanda basi Kamembe kwenda Kigali, hupita katikati ya Hifadhi ya Nyungwe, msitu wa milima unaofanana sana na Kahuzi, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Barabara ni ya lami, tiketi ina saa na namba ya kiti, na basi huondoka hata kama viti viwili havina watu. Abiria anaweza kushuka Uwinka, penye kituo cha wageni kando ya barabara, akapanda daraja la kuning'inia juu ya miti, kisha akangoja basi jingine. Kwa miaka mingi wakazi wa Bukavu wameupita msitu wa jirani kwa urahisi kuliko wanavyoufikia wa kwao. Si kwamba Nyungwe haina hasara: barabara imeugawa msitu, malori hupita usiku na mchana, na ujangili haujaisha. Ila kuna walinzi wanaofika haraka, na kuna mapato yanayorudi kwenye vijiji.

Tanzania ina somo la aina nyingine. Barabara kuu ya Dar es Salaam–Zambia hupita ndani ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Pamewekwa matuta, kikomo cha mwendo, na ubao unaoonyesha faini ya kila mnyama atakayegongwa, na bado wanyama hugongwa. Waliojenga barabara hiyo hawakufikiri juu ya swala. Tuta liliwekwa baadaye, baada ya mizoga. Serengeti mambo yalikwenda vingine. Serikali ilipotangaza mwaka 2010 nia ya kupitisha barabara kuu kaskazini mwa hifadhi, shirika la ANAW la Kenya lilikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na mwaka 2014 mahakama ikaamua kwamba kuweka lami hapo kungevunja Mkataba wa Jumuiya. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Uamuzi huo sasa unaihusu pia, na anayepanga kutandika lami kati ya Tshivanga na Bunyakiri anapaswa kuusoma kabla ya kutafuta mkandarasi.

Kwa Kahuzi-Biega, kinachoelekea kufaa ni barabara nzuri hadi langoni na barabara inayodhibitiwa baada ya lango. Kutoka Bukavu hadi Tshivanga pawe na lami au changarawe iliyoshindiliwa vizuri, mifereji ya maji pande zote, na vituo vyenye paa Mudaka, Miti na Tshivanga. Baada ya hapo, kipande cha ndani kibaki chembamba, kifungwe usiku, magari yasisimame, na kila gari linaloteremka likaguliwe Tshivanga kabla ya kuendelea. Basi lina faida yake hapa: ni rahisi kukagua basi moja lenye watu 30 kuliko pikipiki 30. Marekani, hifadhi ya Zion ilifunga bonde lake kuu kwa magari binafsi mwaka 2000 katika msimu wa wageni wengi na kuweka mabasi, ikapunguza kelele na msongamano kwa pamoja. Huko tatizo lilikuwa magari mengi mno. Kivu tatizo ni usafiri haba. Dawa inakaribiana.

Saa nazo zina umuhimu. Wageni wa gorila hukusanyika Tshivanga asubuhi, hupewa maelekezo, kisha huongozwa msituni na watafuta nyayo. Basi linaloondoka Bukavu saa kumi na mbili linaweza kuwafikisha kwa wakati, likateremka Miti kuchukua watu wa soko, likarudi Tshivanga alasiri kuwachukua wageni na walinzi waliomaliza zamu. Gari lilelile linafanya kazi tatu. Viti vitupu vya asubuhi vinaweza kulipwa na sehemu ndogo ya kibali cha gorila, ambacho kwa mgeni wa kigeni ni mamia ya dola. Hilo ni jambo ambalo ICCN na mkoa wanaweza kukubaliana bila kusubiri Kinshasa. Ni kazi ya makaratasi zaidi kuliko ya saruji.

Ziwa ni barabara ya pili, na kwa watu wengi ndiyo ya kwanza. Boti za mwendo kasi hufunga safari ya Bukavu–Goma kwa saa chache, na meli za usiku hubeba mizigo pamoja na abiria wanaolala juu yake. Mitumbwi ya injini huunganisha Idjwi, Katana na Kalehe. Vita vilipokata barabara upande wa Sake na Minova, wasafiri walisukumwa majini, na matokeo yalionekana tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama ikikaribia bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. Makumi walikufa maji. Barabara yenyewe haina usalama zaidi: Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, yaliua mamia ya watu na kuifukia RN2. Gati dogo lenye vesti za kujiokolea, orodha ya abiria na basi linalongoja ufukweni Katana lingempokea msafiri wa Goma na kumfikisha Lwiro au Tshivanga bila kupita Bukavu kabisa. Ni jambo la gharama ndogo, na huenda ndiyo sababu halijapata wa kulisukuma.

Reli ni habari ndefu, na sehemu yake nzuri imeshapita. Mwaka 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Mwaka 1915 reli ya Kabalo ikafika ziwani Albertville, yaani Kalemie ya leo. Ziwa Tanganyika likawa kiungo kati ya hizo mbili, na Kivu ikatafuta namna ya kujishikiza hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Chemin de fer du Kivu, CEFAKI, ilifungua njia kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, ikapanda bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, zaidi ya kilomita 90. Pamba ya bonde iliteremka, bidhaa za ng'ambo zikapanda. Kamanyola reli ilikoma, kwa sababu hapo mlima unaanza: Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi, Ziwa Kivu mita 1,460 hivi, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo iko kati ya Kamanyola na Bukavu. Mizigo ilihamishiwa kwenye malori yaliyopanda ukingo wa Ngomo hadi Costermansville, jina la Bukavu wakati ule. Malori yalipopata nguvu zaidi, kuhamisha mzigo mara mbili kukawa ni kupoteza fedha, na mwaka 1958 reli ikafungwa.

Ngomo imebaki kuwa kizuizi kilekile. Ni njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, na malori hutumbukia. Ndiyo maana wasafiri wengi wa Bukavu–Uvira, kwa miaka, wamechagua kuvuka mpaka Ruzizi, kupita lami ya Rwanda hadi Bugarama, na kurudi Kongo Kamanyola, wakigonga mihuri minne ili wasafiri ndani ya mkoa mmoja. Mpaka ukifungwa, mkoa hukatika vipande viwili. Maporomoko hayohayo yaliyoizuia reli huzalisha umeme wa Ruzizi I na Ruzizi II, na wahandisi wanapoizungumzia reli ya umeme wanajua kwamba nguvu ya kuiendesha inatoka hapohapo.

Mazungumzo ya reli yamefufuka, ila si kutoka Kongo. Tanzania ilianza kusafirisha abiria kwa treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la tawi la Uvinza–Musongati, kilomita 282, litakaloiingiza reli hiyo Burundi. Mpango uliokubaliwa na nchi tatu ni kuiendeleza hadi Gitega, Bujumbura, Uvira, na mwishowe Kindu, ikutane na reli ya SNCC, shirika la reli la Kongo. Lengo lake linafahamika: nikeli ya Musongati na madini ya Kongo. Abiria atapata nafasi yake baada ya mzigo.

Wanaojali msitu hawapaswi kuipuuza habari hiyo kwa kudhani ni ya mbali. Kati ya Uvira na Kindu imekaa milima ya Itombwe, yenye vilele vinavyozidi mita 3,000, na Hifadhi ya Asili ya Itombwe iliyotangazwa mwaka 2006 na kuwekewa mipaka rasmi mwaka 2016. Nako kuna gorila wa aina ileile ya Kahuzi-Biega. Reli yoyote ya kwenda Kindu ama itauzunguka mlima huo ama itautoboa, na uamuzi utafanywa mezani miaka mingi kabla ya katapila kufika. Kenya inaonyesha nini hutokea wakati huo ukipuuzwa na nini hutokea ukitumiwa. SGR ya Mombasa–Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilipitishwa Tsavo kwenye tuta lenye vivuko vya tembo chini yake. Tembo walijifunza kuvitumia, ingawa si wote na si kote. Ilipofika zamu ya Hifadhi ya Nairobi, ubishi mahakamani na mitaani haukuizuia reli, ila reli ikainuliwa juu ya nguzo kwa kilomita sita hivi, na twiga hupita chini yake. Na kwa upande wa abiria, mtalii hushuka stesheni ya Voi na kuingia Tsavo bila kukodi gari kutoka Mombasa. Stesheni hiyo ipo kwa sababu Voi ni mji. Hakuna reli iliyojengwa Afrika Mashariki kwa ajili ya wanyama, na Kivu haitakuwa ya kwanza. Kinachowezekana ni kudai stesheni ya abiria Uvira na nyingine Kamanyola iwapo tawi la bonde litafufuliwa, na basi la kupokezana hadi Bukavu.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja zito. Februari 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha mji wa Bukavu, viliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na safari za ndege za abiria zikakatika. Makundi mengine yenye silaha yamo misituni. Hata kabla ya hapo, safari ya kawaida ilikuwa safari ya barieri: uchunguzi wa taasisi ya IPIS mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili, vingi vikiwa na watu wenye bunduki, kila kimoja kikitoza mtu, gunia au pikipiki. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008 ili tozo ya mafuta na ya njiani irudi barabarani. Msafiri wa RN3 anayelipa barieri tano na kukuta daraja lilelile la magogo ana haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi, bila kujali ni nani anayekaa ofisini mwaka huu.

Pamoja na hayo, si kila hatua inangoja amani. Paa la kituo Miti, ubao wa bei, mfereji unaozibuliwa kabla ya mvua za Septemba, orodha ya abiria kwenye mashua ya Katana: mambo ya aina hiyo yamewahi kufanywa na ushirika wa motari, na vikundi vya akina mama wa soko, na parokia, katika sehemu nyingi za Kivu, vita vikiendelea. Basi la saa maalumu ni hatua inayofuata, na linahitaji utulivu wa barabara ya kilomita 30 tu. SGR ya Kindu itahitaji mabilioni na ushirikiano wa nchi tatu, na mwanafunzi aliye darasa la kwanza leo Kadutu, Bukavu, huenda asiipande kabla hajawa mtu mzima. Wanaogawa bajeti ya mkoa, na wafadhili wanaoisaidia ICCN, waanze na Tshivanga.